Mlingoti wa Kushoto

Jioni ile Dagane alitumwa kitu kidogo tu: mti wa goli. Askari walikuwa wameuchoma mlingoti mmoja kuchemshia chai, na kesho yake timu yake, Sokoni, ingecheza na Darajani mechi ya mwisho ya ligi ya Garissa. Sokoni wakishinda, kombe lao. Ikiwa sare, kombe la Darajani.

"Usivuke korongo," kapteni Bare alimwambia. "Askari watakudhani shifta, mwasi wa porini."

"Mimi? Risasi ikiniona inaona haya, inageuka."

Mdomo ulimzidi miguu, huyo. Lakini kichakani miguu ilianza kumshauri arudi. Mlio wa panga hufika mbali... na bunduki hazikuwa mbali. Ndipo akauona mti umesimikwa mchangani, peke yake. Mrefu, umenyooka, laini kama uliosuguliwa miaka na miaka kwa ngozi ya mtu.

Ulinuka mafuta. Na mzoga.

Akaung'oa. Cha bure, nani akikatae?

Bare aliupapasa, kisha akafuta mkono kwenye kikoi. "Walaal, ndugu yangu, umeutoa wapi? Kuna watu hujisugua kwa mti jua likizama, wakawa fisi. Wakiupoteza, hawarudi kuwa watu."

"Basi fisi wako akate tiketi, aje autazame."

Wakacheka. Wakausimika upande wa kushoto.

Kesho yake, sare, bao moja kwa moja. Zimebaki dakika mbili, jua linazama, king'ora cha kafyu karibu kulia. Sokoni wakapata penalti.

Dagane akautaka mpira. Nani mwingine?

Akauweka chini. Akainua macho.

Nyuma ya goli hapakuwa na mtazamaji hata mmoja. Palikuwa na fisi. Ameketi. Hamtazami kipa. Anautazama mlingoti wa kushoto...

Kisha akamtazama yeye.

Dagane akapiga.

Ko.

Mpira ukagonga mti uleule, ukarudi. King'ora kikalia. Kombe likaenda Darajani kwa pointi moja, na wenzake wakasema fisi gani, yule alikuwa mbwa.

Asubuhi mlingoti haukuwepo. Nyayo za fisi zilifika hadi kwenye shimo. Zilizotoka zilikuwa za mtu, bila viatu, zikielekea mjini.

Siku ya tatu, magharibi, Dagane alikuwa hotelini kwa mzee Ogle, kajiinamia na chai yake. Kimya, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mgeni akaingia na mti mrefu, akauegemeza ukutani, akaketi mbele yake. Akampa mkono. Hakuuachia upesi.

"Ile penalti," akanong'ona. "Macho yako yalikuja kwangu. Ungemtazama kipa, ungefunga."

Dagane akautazama ule mti ukutani.

Nje, king'ora. Mzee Ogle akafunga mlango, akatia komeo.

"Leo mtalala hapa hapa, wanangu. Anayetoka anapigwa risasi."

"Hatutoki," mgeni akasema.

Akainuka. Akauchukua mti wake, akauweka mgongoni...

Akaanza kujisugua. Polepole.