Jina Lililotangulia Posa

Basi la Dar liliposimama Same, abiria walijaa hotelini kwa dakika zao ishirini za kula. Faustina alikuwa katika siku yake ya kwanza kazini, aproni ya kijani imempwaya. Alikata kona na sahani tatu mkononi, akagongana na Aminieli, mkaanga chipsi. Mchuzi wote ukaishia kwenye shati la kijana wa watu.

"Dada, ungeniuliza kwanza kama nina njaa."

"Samahani, kaka."

"Wewe wa Mamba, kule milimani. Unanukia tangawizi."

"Na wewe unanukia mafuta ya jana."

Wakacheka, na mambo yakaanzia hapo. Kila jioni Aminieli alimsindikiza hadi chumba alichopanga nyuma ya soko, na akifika kwake tu, simu ya Faustina ilikuwa inaita.

"Umekula, mpenzi?"

"Si tumeachana sasa hivi?"

"Nakuuliza tu. Huku niko na sufuria peke yangu."

Hoteli ile ilikuwa na utaratibu wa kuwakopesha wafanyakazi, makato yanatoka kwenye mshahara kidogo kidogo. Ila lazima mwenzako wa kazini akudhamini, na ukitoroka analipa yeye. Watu waliokula sahani moja miaka mitano walinyimana sahihi. Kwa hiyo Faustina aliposikia Aminieli amechukua fomu, alisubiri kuombwa. Moyoni alishasaini.

Aminieli akamwomba Prisca wa kaunta.

"Kwa nini si mimi?" Faustina aliuliza.

"Wewe hufai kunidhamini, kipenzi," alijibu akitabasamu, kwa sababu alikuwa na siri tamu na hakujua kuitunza vizuri. Wanaume wengine huharibu zawadi wakati wa kuifunga.

Faustina alilisikia neno moja tu: hufai. Akaacha kupokea simu. Akabadilisha zamu. Jioni alikaa mlangoni kwake na sahani ya wali isiyoisha, upepo wa Same ukimjazia vumbi kwenye kanga, akitazama milima ya kwao. Simu iliita wiki ya kwanza, ya pili ikaita mara chache, ya tatu ikanyamaza. Aliumia ilipoita, akaumia zaidi iliponyamaza.

Kisha mama yake akapiga kutoka Mamba. Mvua zinakaribia, mbegu ya tangawizi hana. Faustina akaenda ofisini kwa Mzee Loth, mhasibu.

"Shikamoo, baba. Naomba fomu ya mkopo."

"Marahaba, binti yangu. Wewe huwezi."

"Sina deni."

"Nyumba moja, mkopo mmoja. Mume, mke, mchumba, wote tunawahesabu nyumba moja. Hawakopi pamoja wala hawadhaminiani." Akafungua faili, akamgeuzia fomu ya Aminieli. Mwandiko wa kulalia upande: *Mchumba: Faustina. Madhumuni: barua ya posa, Mamba.*

Faustina alisoma mara mbili.

"Jana alikuja akasema umemwacha, akaomba nikufute ili mlango wako wa kukopa ufunguke," Mzee Loth akaendelea. "Nikamwambia sifuti. Mhusika aje mwenyewe aandike kwamba si kweli, asaini." Akamsogezea kalamu. "Ukisaini, fomu yako hii hapa."

Faustina akaishika kalamu. Alimfikiria mama yake na shamba tupu, akafikiria wiki tatu za wali uliopoa. Alikuwa mpweke kiasi cha kuona haya. Akairudisha kalamu mezani, akatoka nje, akapiga simu.

"Faustina?" Sauti ya Aminieli ilikuwa ndogo.

"Unaniandika mchumba ofisini, mimi mwenyewe sijui?"

"Fomu iliuliza. Nikashindwa kuidanganya. Nilitaka barua itangulie, ikushtue." Kisha akauliza, "Umeshasaini?"

"Sijasaini. Kwa hiyo nimenyimwa mkopo, na mama hana mbegu."

"Pesa ya posa ninayo, sijaigusa. Ikapande tangawizi kwanza."

"Na posa?"

"Itangoja mavuno, kama na wewe utangoja."

Faustina akafuta macho kwa ncha ya aproni. Miezi tisa hadi mavuno ni mingi, lakini wiki tatu zile zilikuwa ndefu zaidi.

"Nitangoja. Ila kumbuka, Aminieli, barua ndiyo hupelekwa na mshenga. Tangawizi utaibeba mwenyewe hadi kwa mama, akuone."