Kijani Kwenye Midomo ya Mtoto

Kila siku saa tisa alasiri, Mama Kijino alikwenda bombani. Foleni ya maji ilikuwa ndefu, na maneno ya foleni yalikuwa marefu zaidi. Nyumbani alimwacha mama mkwe wake, ameketi mlangoni akichambua maharage. Ndani alilala binti yake wa mwaka mmoja na nusu. Walimwita Kijino kwa utani, maana alikaa na jino moja miezi mitatu, na alilichekea kama mtu mwenye thelathini na mbili.

Siku moja mama alirudi na ndoo yake, akamkuta Kijino ameketi kitandani kimya. Midomo yake ilikuwa ya kijani.

Alidhani mtoto amekula majani. Akamfungua kinywa, hakuona jani. Alipomfuta, kitambaa kikawa kijani. Kijino akakohoa, na kifua chake kikapiga mluzi mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango.

Kesho yake ikawa vilevile. Akafua shuka, maji yakawa ya kijani. Alikuwa amechoka, akaiacha ndoo uani. Asubuhi maji yale yalikuwa meupe kama machozi. Rangi imekwenda wapi? Nani ameinywa? Aliyamwaga bila kutazama chini ya ndoo.

Siku ya tatu aliona kiganja ukutani, juu ya kitanda cha mtoto. Kilikuwa cha kijani, vidole vitano vimetanuka. Mama aliweka mkono wake juu yake ili apime. Kiganja kile kilikuwa kikubwa kuliko chake. Akautoa mkono haraka, kama aliyegusa jiko la moto. Alikifuta. Siku iliyofuata kikawa palepale.

Mama mkwe alipoona, aliacha maharage yake.

"Mwanangu, jambo la namna hii halitajwi," alinong'ona. "Ukilitaja, umelifungulia mlango."

Basi halikutajwa. Kila alasiri, mume wake akiwa bafuni anaoga baada ya kazi, Mama Kijino alifuta ukuta. Akafuta na midomo ya mtoto. Kisha alikaa akisikiliza ule mluzi kifuani. Ulikuwa unazidi.

Mume wake alifanya kazi kiwanda cha rangi, kitengo cha kuchanganya. Hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu. Kila Jumamosi alileta viroba vilivyokwisha kazi, vile vya nyuzi ngumu. Mama alivisuuza mara moja, akavishona kuwa godoro la Kijino, kwa kuwa mtoto alikuwa bado anakojoa. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Nani atupe kiroba kizima?

Siku ya nane, kabla ya saa ya kwenda bombani, alikuja jirani yao, mwanamke waliyemwita Mama Stoo. Yeye ndiye aliyepokea na kutunza mizigo pale kiwandani. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, na alikuja kuomba sindano. Kijino akaamka wakati huohuo. Mama akamfunika uso kwa upindo wa nguo, lakini alikuwa amechelewa.

"Amekula majani," alisema.

"Majani ya wapi, mwenzangu? Uwanja wetu huu hata nyasi zimegoma."

Mama Kijino akataka kucheka, akalia. Akaeleza yote kwa sauti ya chini: midomo, maji, kiganja. Mama mkwe aligeuka upande, hakutaka kusikia.

Mama Stoo hakucheka. Aliomba kitambaa kibichi, akajifunga puani. Akafunua shuka, akafumua mshono wa godoro polepole. Unga laini wa kijani ukamwagika, kama unga uliochekechwa. Upande wa ndani wa kiroba kulikuwa na maandishi.

"Wewe si unasoma masomo ya jioni? Soma hapo."

Mama Kijino alifuata herufi kwa kidole. "Kro-mi-a-mu fos-fe-ti."

"Ndiye huyo. Sasa tukae pembeni. Bado kuna huyo wa ukutani."

Walikaa kwenye giza la chumba, Kijino mapajani. Zikasikika hatua nje. Mlango ukafunguka. Mtu akaingia bila kuwaona, akaenda moja kwa moja kitandani. Aliegemeza mkono ukutani, akainama kumbusu mtoto. Kitanda kilikuwa kitupu. Akasimama, akageuka ameshtuka. Ukutani kilibaki kiganja cha kijani.

"Jini lenu hilo hapo," alisema Mama Stoo. "Halijaoga."

Baba Kijino aliitazama mikono yake. Kila siku alipita kumbusu mwanawe kwanza, ndipo aende bafuni. Mkewe huwa bombani saa hiyo. Mama Kijino hakuwahi kujua. Mama mkwe alimwona akiingia kila siku, lakini nani amdhanie mwanawe kuwa jini?

Baba Kijino akauliza kama ni sumu. Mama Stoo alieleza bila haraka. Unga ule huchanganywa kwenye rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma, na hutoa kijani kisichopauka upesi. Hauyeyuki kwenye maji. Ndiyo maana ndoo ilionekana safi asubuhi: unga ulikuwa umezama, umelala chini. Na ndiyo maana kusuuza kiroba hakusaidii.

"Si sumu ya kumwangusha mtu palepale," alisema. "Zipo kromiamu nyingine, za njano na za machungwa, hizo ni mbaya zaidi. Lakini vumbi hili halina ruhusa kifuani mwa mtu, sembuse mtoto. Linawasha macho, koo na ngozi. Mpelekeni zahanati leo, na jina hilo mliandike. Daktari hatibu neno 'kijani'."

Akaendelea: wasifagie, maana vumbi litaruka, wapanguse kwa kitambaa kibichi. Wasichome viroba, wala wasivioshe karibu na maji ya kunywa. Wavifunge kwenye mfuko mmoja, virudi kiwandani, maana muuzaji wa unga huo hutuma karatasi ya usalama inayosema vitupwe vipi. Kazini, barakoa, glavu na miwani. Ovaroli ibaki kiwandani, na mtu aoge hukohuko.

"Barakoa inanibana," alisema Baba Kijino.

"Inakubana wewe. Anayekohoa ni nani?"

Baba Kijino aliinuka. Alikwenda kuoga, akakaa muda mrefu.

Zahanati walimpima Kijino, wakampa dawa ya kifua. Wakamwambia mama amweke mbali na vumbi lile, amrudishe baada ya wiki. Mama alichukua sindano yake, akashona godoro upya kwa kitambaa kipya. Kisha alifanya jambo ambalo mama mkwe alimsihi asilifanye. Alikwenda mlango hadi mlango, akalitaja.

Mlango wa kwanza, mwenye nyumba alimsikiliza, akafunga dirisha, akasema polepole, "Kumbe na kwako?" Mlango wa pili, mwanamke alikuwa amehamisha kitanda mara tatu kukikimbia kijani. Wa tano walikuwa wamelipa mtu awafukuzie jini. Nyumba nane zilikuwa zinaogopa kitu kimoja, kila moja peke yake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mama mkwe siku gari la kiwanda lilipokuja kuchukua viroba. Alisema kana kwamba ushauri ule ulikuwa wake tangu mwanzo. Mama Kijino alimwacha ajinyakulie sifa hiyo.

Alasiri moja ya wiki ya tatu, Kijino alilala. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akatega sikio karibu na kifua chake. Hakusikia mluzi. Akangoja. Hakusikia. Hakuwa na haraka ya kwenda bombani. Alikaa palepale akikisikiliza kile ambacho hakikuwepo tena.