Uso wa Papa Izabayo

Jumamosi ile nilikuwa studioni kwangu Kamembe, nakata picha za pasi za wachuuzi wanaovuka mpaka kwenda Bukavu. Mukamazimpaka akaingia na bintiye, Izabayo, na kamera ya marehemu mumewe, Nzabonimpa, ndani ya kapu.

Nzabonimpa alipiga picha za vita vya ng'ambo miaka mingi. Magazeti ya Ulaya yalizinunua, ila picha yake mwenyewe hakuwa nayo hata moja. Kinyozi hajinyoi. Hata harusini aliwapa wapiga picha kisogo! Mkewe na mtoto pia hakuwapiga picha kamwe. Alisema kamera yake imezoea maiti. Gari lake lilipolipuliwa, kitambulisho kiliungua naye, tukamzika huko Mururu katika jeneza lililofungwa. Sasa mtoto alikuwa anasahau sura ya baba, na mama alitaka uso mmoja tu wa kuweka kwenye msalaba wa kaburi. Niliumia kumtazama.

Kamera hiyo ilikuwa ya akiba. Wenzake waliileta baada ya mazishi. Tukafungua picha. Wakimbizi. Mahema. Viatu vya watoto barabarani. Yeye hayumo.

Ya mwisho ilinitoa jasho. Mukamazimpaka mwenyewe, uani kwake, anaosha maharage, kitenge cha msiba kichwani. Kwenye maji ya beseni ulionekana mlango wa nyumba, wazi. Hapakuwa na mtu.

"Ni mi," akanong'ona. "Ni jana. Kamera ilikuwa mu sanduku, nilifunga na ufunguo."

Nikataka kuifuta. Akanishika mkono.

"Hapana, Maman Zulaikha. Hakunipigaka picha hata siku moja. Wacha."

Alilia huku anatabasamu. Izabayo akagusa yale maji pichani.

"Papa ni ule."

"Uso yake iko namna gani, mwanangu?"

"Hana uso, Maman. Anaitafuta."

Mama akashikilia tuichape hiyohiyo. Niliifungia kioo kwa gundi, tukaiweka msalabani.

Jana tulikwenda kaburini, watatu. Picha ilikuwa nzima, isipokuwa uso wa Mukamazimpaka. Umefutika. Hapo palibaki alama ya kidole gumba, upande wa ndani wa kioo.

Nikamsihi tuiondoe.

"Wacha achukue," akasema, akapiga magoti.

Izabayo alikuwa amejificha nyuma yangu. Akanivuta gauni, akamwonyesha mama yake kwa kidole.

"Ule maman ni nani?"