Moyo Anapiga

Simu iliyotumbukia majini haidanganyi. Mwenye simu ndiye hudanganya. Atasema ilinyeshewa na mvua, ilhali wiki nzima jua limewaka. Atasema mtoto aliimwagia chai, ilhali mtoto hana. Kibano alikuwa ameyasikia yote hayo kwa miaka saba aliyokaa kwenye meza yake ya kutengeneza simu, chini ya ngazi za jengo la maduka lenye ghorofa nne, mahali ambapo watu hupigana vikumbo kutwa nzima. Jina la Kibano alipewa na wateja kwa sababu ya kile kibano chembamba kisichotoka mkononi mwake, na pia kwa sababu ukimdanganya alikuwa anakubana mpaka useme.

Kwa hiyo alishangaa siku alipokuja mwanaume mrefu, ovaroli ya buluu imelowa mpaka magotini, akaweka simu mezani na kusema, "Imeanguka kwenye tangi la maji. Uzembe wangu mwenyewe."

"Tangi la nyumbani?"

"La mtaa mzima. Mimi ni fundi wa pampu."

"Kwa hiyo maji niliyokunywa asubuhi yamepita kwenye simu yako?"

"Na vocha ilikuwa ndani. Angalia usije ukapiga simu bila kujua."

Kibano alicheka mpaka miwani yake ya kukuzia ikateleza kutoka kwenye nywele. Alivaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, na yule fundi wa pampu aliitazama ile kola kwa muda mrefu kuliko kola inavyostahili. Kisha akasoma kibao kilichobandikwa mezani: NAFUNGUA SIMU, SIFUNGUI SIRI.

"Ni kweli?" akauliza.

"Sijawahi kusoma ujumbe wa mteja. Hata mmoja."

"Wote husema hivyo," alijibu yule mwanaume, akaenda zake. Neno hilo lishike, maana hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Siku ya tatu alirudi. Kibano akaiwasha simu mbele yake, ikaamka vizuri, na kabla hata hajajisifu ikaanza kulia. Ilikuwa imewekwa lugha ya Kiswahili, na kwenye kioo yakatokea maneno mawili: *Moyo anapiga*.

Simu haijui sarufi. Kwake kila anayepiga ni mtu. Hata ukiandika "Benki", itakuambia benki anapiga. Lakini Kibano hakufikiria sarufi. Aliona mwanaume mzima anabadilika rangi, anainyakua simu, anaizima mlio na kuitia mfukoni.

"Hupokei?"

"Baadaye."

"Moyo atakasirika."

"Amezoea," akasema, akitabasamu kwa shida.

Angekuwa na akili timamu, Kibano angeyamaliza pale pale. Yeye ndiye aliyewahi kuona mke wa mtu amemwandika hawara "Fundi Friji", na bwana mmoja mwenye heshima zake amemwandika kimada "Mwalimu wa Hesabu". Alijua kwamba waongo hutumia majina makavu. Huyu anayeandika "Moyo" waziwazi alikuwa ama mkweli kupita kiasi ama hana haya hata chembe, na Kibano alitaka kujua ni lipi. Ndivyo alivyojidanganya. Ukweli ni kwamba alimpenda tangu ile ya vocha.

Pampu, maana ndivyo alivyomwita, akawa haishi kuja. Alileta chaja nzima akasema imekufa. Alileta redio. Wakaanza kupigiana simu mchana, wakati wa kazi, huku nyuma yake mashine zinanguruma.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakusubiri wewe unipikie."

"Utakufa na njaa, mimi najua kuchoma nyaya tu."

"Basi nichomee waya mmoja, wa kukaanga."

Utamu ulikuwapo, siwezi kusema haukuwapo. Lakini kila penye tamu Kibano alikuta punje ya mchanga. Pampu alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni, hata joto likizidi. Siku moja alipojaribu kumfungulia kimoja, alimshika mkono kwa upole akauondoa. Anaficha alama za kucha za nani? Wakipanda ngazi kwenda juu kunywa chai, Pampu alisimama kila kituo cha ngazi akatoa simu kuitazama. Anasoma ujumbe wa nani? Na mara kwa mara asubuhi hakupatikana kabisa, kisha akaibuka saa saba akisema alikuwa na "shughuli".

"Mwanangu," akasema shangazi yake, aliyeuza mapazia meza ya pili, "lisemwalo lipo, na lisilosemwa lipo zaidi. Muulize."

"Aseme mwenyewe, shangazi. Nimechoka kuwa mimi wa kugundua. Kila mwanaume niliyempata, ubaya wake niliugundua mimi. Nataka mmoja tu aniambie kwa kinywa chake."

Na Pampu je? Yeye alikuwa na yake, tena ya ajabu zaidi. Pampu alizaliwa na kasoro moyoni. Kule kufunga vifungo kulificha kovu la upasuaji wa utotoni, na kule kusimama ngazini kulikuwa ni kuvuta pumzi. "Moyo" ilikuwa namba ya kliniki ya moyo. Na kichwani mwake aliamini kwamba Kibano anajua. Simu yake si ilikaa kwake siku tatu? Ujumbe wote wa kliniki ulikuwa mle ndani. Nani angeacha kusoma? Kila Kibano alipomtazama kwa jicho la kushuku, Pampu aliona jicho la huruma. Wakati mwingine alishukuru kwamba haulizi. Wakati mwingine alishuku kuwa huyu mwanamke anabaki naye kama mtu anayebaki na mgonjwa, kwa kuona aibu kuondoka.

Jumamosi moja wakakaa ghorofa ya pili, duka la aiskrimu, meza ya dirishani. Kibano alivaa blauzi nyekundu aliyoinunua makusudi. Aiskrimu ikayeyuka hakuna aliyeigusa.

"Najua kuhusu Moyo," Kibano akasema, shangazi na falsafa zake wamemshinda.

Pampu akashusha pumzi ndefu. "Najua kuwa unajua. Tangu siku ya kwanza."

"Na huoni haya?"

"Haya ya nini? Nimezaliwa hivi. Si kosa langu."

"Umezaliwa hivi! Wanaume wote husema hivyo."

"Si wote. Ni kama mmoja katika mia."

Kibano akamkazia macho. "Mnaonana mara ngapi?"

"Zamani ilikuwa mara moja kwa mwaka. Siku hizi kila mwezi, mambo yamezidi. Na Jumatatu inabidi niende nikalale huko."

"Ukalale!"

"Siku kumi hivi, mambo yakienda vizuri." Akauvuta mkono wa Kibano mezani. "Nilitaka nikuombe unisindikize."

"Nikusindikize? Mimi? Kwa Moyo?"

"Nilifikiri, kwa vile unanipenda..."

Kibano alisimama, kijiko kikaanguka. "Nenda kwa Moyo wako! Lala siku kumi, lala mia. Ila ukitoka huko usirudi kwangu."

Watu wa meza ya jirani wakaacha kula. Pampu alikuwa amenyong'onyea kabisa.

"Kumbe ilikuwa huruma tu," akasema polepole.

"Huruma? Nilikuwa nakupenda, mjinga wewe!"

"Ulikuwa," akarudia Pampu. Akatoa simu mfukoni, akaiweka kati ya vikombe vya aiskrimu. "Ichukue. Wakipiga, pokea wewe." Akatoka, na safari hii aliposimama ngazini kuvuta pumzi hakuwa na simu ya kujifanya anaitazama.

Jumapili Kibano alilia. Jumatatu alifungua kazi, simu ya Pampu imefungiwa kwenye droo. Alikuwa na uwezo wa kuifungua kwa dakika mbili na kusoma kila kitu tangu siku iliponunuliwa. Mikono ilimwasha, nasema kweli, lakini hakusoma. Jumanne saa nane mchana, droo ikaanza kutetemeka. *Moyo anapiga*.

"Pokea umtukane," shangazi akasema. "Mimi nitakusaidia maneno."

Akapokea. "Haloo."

"Haloo, Moyo hapa," ikasema sauti ya mwanamke, tulivu, yenye haraka kidogo.

"Nakujua."

"Afadhali. Tunamtafuta mwenye simu hii."

"Tunamtafuta? Wewe na nani?"

"Mimi na daktari, dada. Hapa ni kliniki ya moyo. Alitakiwa kulazwa jana, apasuliwe kesho, na hajafika. Wewe ni nani wake?"

Kibano alikaa chini. Hapakuwa na kiti hapo. Alikaa sakafuni, kati ya maboksi ya vioo.

"Mimi," akasema, "ndiye niliyemwambia asirudi."

"Basi mwambie arudi. Kitanda tunamshikia mpaka saa kumi leo. Baada ya hapo kinakwenda kwa mwingine, na zamu nyingine ni baada ya miezi minne. Daktari hataki huyu asubiri hivyo, dada. Unanielewa?"

Alielewa. Alikimbia na aproni yake kiunoni, kibano kimechomekwa kwenye nywele, shangazi akipiga kelele nyuma kwamba amesahau viatu, maana kweli alikuwa na ndala.

Nyumba ya pampu ilikuwa jengo la matofali lenye mlango mmoja wa chuma, ndani joto na kelele. Pampu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, spana mkononi, hafanyi kitu.

"Kwa nini hukwenda?" Kibano akapiga kelele.

"Ulisema niende nisirudi. Nikajua unaniaga."

"Nilidhani Moyo ni mwanamke!"

Pampu alimtazama. Akazima mashine moja, kelele zikapungua.

"Mwanamke?"

"Mwanamke! Mwenye siku zake kumi!"

Pampu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikakatika. "Hukusoma? Simu ilikaa kwako siku tatu na hukusoma hata ujumbe mmoja?"

"Si nilikuambia?"

"Wote husema hivyo!"

"Mimi si wote!"

Wakabaki wanatazamana, wote wawili wamekasirika kwelikweli, na sababu ya hasira hakuna aliyeweza kuitaja.

"Niambie sasa," Kibano akasema. "Mwenyewe. Kama vile sijui."

Pampu akaweka mkono juu ya mashine iliyozimwa. "Moyo ni pampu mbili kwenye kasha moja. Ya kulia inasukuma damu kwenda mapafuni kuchukua hewa. Ikirudi, ya kushoto inaisukuma mwili mzima. Kila mlango una vali, damu ipite na isirudi nyuma. Ile vali ya mlango mkubwa, watu wana vipande vitatu. Mimi nilizaliwa na viwili. Nilipokuwa na miaka sita walinipasua wakaipanua. Sasa imechoka. Damu ikitoka, nyingine inarudi ndani, na moyo unaisukuma tena. Unafanya kazi mara mbili, unatanuka. Wanataka kuniwekea vali mpya." Akapapasa ile mashine. "Pampu ya namna hiyo mimi huizima ndipo niitengeneze. Na mimi wananizima, Kibano. Wanausimamisha moyo, mashine inafanya kazi yake, kisha wanauwasha tena. Nimewasha pampu nyingi sana. Si zote huwaka. Naogopa, na nilitaka pawe na mtu nje anayenisubiri. Nilipoona hayupo, nikaona ya nini."

Akafungua vifungo, kimoja kimoja. Kovu lilishuka katikati ya kifua, jeupe, limenyooka. Kibano akaweka sikio. Akasikia mapigo mawili, kisha pumzi ndogo ya mluzi, kama bomba lisilofungwa vizuri. Mapigo mawili, na mluzi. Alisikiliza mpaka machozi yake yakamlowesha kifua.

"Una mke mahali?" akauliza, sikio lipo pale pale.

"Sina."

"Mtoto?"

"Sina."

"Moyo mwingine?"

"Huu huu mbovu."

"Inuka. Saa nane na nusu hii."

Walifika saa kumi kasoro dakika saba. Muuguzi mwenye ile sauti tulivu alikuwa mama mnene mwenye miwani, akamtazama Kibano kuanzia kibano kilicho nyweleni hadi ndala, akasema tu, "Wewe ndiye uliyenijua," akawapa fomu.

Kesho yake upasuaji ulichukua saa tano na nusu. Kibano na shangazi yake walikaa kwenye benchi la korido. Kila mlango ulipofunguliwa, Kibano alimchunguza uso aliyetoka: huyu kwa nini anatembea haraka, yule kwa nini hanitazami? Alimshuku kila mtu mwenye koti jeupe. Hatimaye daktari akatoka, kofia mkononi, akasema moyo umewaka wenyewe mara ya kwanza, vali imekaa, damu hairudi. Kibano akamwomba aseme tena, naye akasema tena.

Siku ya pili wakamruhusu kuingia. Mirija ilikuwa kila mahali na midomo ya Pampu imekauka.

"Kibano."

"Nipo."

"Unajua ninachotaka kukuuliza."

"Sijui."

"Unajua, bwana."

"Sijui chochote mimi. Nilishajua mengi, nusura nikuue. Sema, neno kwa neno."

Muuguzi akajifanya anasoma chati.

"Utakubali nikuoe?" Pampu akasema, kisha kabla hajajibiwa akainua kidole. "Subiri. Vali hii ni ya kutengenezwa. Nitakunywa dawa za damu kila siku mpaka nife, nikikosa inaziba. Kila mara nitakuwa huku kupimwa. Na siku moja inaweza kusumbua. Nakuambia mapema, usije ukagundua mwenyewe."

Kibano akakishika kile kidole.

"Nakubali," akasema. "Na naogopa, Pampu. Naogopa sana, kila siku nitaogopa, na hilo nalo ulijue."

"Sasa najua," akasema Pampu, akafumba macho, mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa Kibano.