Kigoda Nilichokiacha Stendi

"Elfu thelathini," karani wa yadi ya halmashauri alisema. "Ya kukiondoa na ya kukitunza."

"Umekitunza saa moja, Kyaruzi."

"Sheria haiangalii saa, kaka. Inaangalia kitu kilichokutwa barabarani hakina mtu."

Mtu ndiye mimi, Mwijage. Nilikiacha kigoda kando ya stendi, miguu juu, nikaingia dukani kununua sukari. Kosa langu silikatai. Elimu yangu ni darasa la saba na vitabu vya kuokota, lakini uongo sisemi. Nilichokataa ni elfu thelathini kwa kigoda ambacho sokoni hakifiki hata elfu tano.

Kilikuwa cha baba yetu, Mzee Rutaihwa. Tulikuwa tumemzika kijijini, Kanazi, na jioni ile tulikuwa tunaanua matanga. Kaka yangu Nathanieli, mrithi, alitakiwa kukalishwa juu yake kabla jua halijazama. Mguu ulilegea, nikakileta mjini kwa seremala. Tangu mzee afe kilikuwa hakijakaliwa. Kwetu wa kwanza kukikalia ni mrithi, ndiyo maana nilikibeba miguu juu.

Hasira ikipungua, macho huona. Niliangalia nyuma ya meza.

"Umekalia nini?"

"Kiti cha ofisi kimevunjika."

"Simama, waitu, nakuomba."

Alicheka. Akashika meza ili ainuke. Hakuinuka. Akajaribu tena, mishipa ikamtoka shingoni. Kicheko kiliisha.

Nikaweka noti zote mezani. Sikubishana tena. Aliandika risiti. Kisha akakohoa, kile kikohozi kikavu cha mara tatu, nilichokisikia kupitia ukuta wa chumba cha baba tangu utoto.

"Mwijage," alinong'ona. Sauti haikuwa yake. "Mbona mnaniacha kwa watu?"

Halafu akasimama, mwepesi kabisa. "Chukua, kaka. Usikiache tena."

Nilifika Kanazi jua likiwa bado lipo. Nathanieli akakalishwa. Akapewa mkuki. Shangazi Anatolia akamwita kwa jina la baba, kama inavyotakiwa, ili aitikie.

Hakuitikia.

Akamwita tena. Nathanieli akafungua mdomo. Ulikuwa wazi tu. Shangazi akainama, akapapasa ubao wa kigoda.

"Hapa hamna mtu," alisema polepole.

Kaka yangu hajasema neno mpaka leo. Anakula akilishwa. Ukimwita anatazama upande wa mjini.

Nimerudi yadi mara tatu. Kyaruzi amekonda, anakohoa.

"Kigoda ulichukua," ananiambia. "Ulisaini."

"Nataka kilichokuwamo."

"Nitakitoaje, kaka? Nisaidie na mimi. Usiku mke wangu halali karibu nami. Anasema kitandani tuko watatu."

Jana alinifungulia daftari la vitu vilivyoondolewa. Tarehe ile, mwandiko wake, mistari miwili.

*Kigoda kimoja. Kimetolewa.*

*Mzee mmoja.*

Mbele ya mstari wa pili hapakuwa na kitu. Ameapa hakuuandika. Tuliufuta kwa kifutio, tukaukwangua kwa wembe hadi karatasi ikatoboka. Tulipofunua ukurasa uliofuata, mstari ule ulikuwepo, wino mbichi.

Mkuu wa yadi anasema kisichodaiwa ndani ya siku thelathini kinakuwa mali ya ofisi. Leo ni ya ishirini na tisa. Basi nadai, kwa maandishi, risiti nimeambatisha.

Nipeni baba yangu.