Neno Lililobaki Kisiwani Rodo

Wewe unayesoma, umewahi kumpenda mtu halafu ukamwachia mjomba akusemee? Basi mwangalie Theogene. Amesimama mlangoni kwa Adolphine, shangazi yake Uwera, South End ya Louisville, Marekani, na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani, Uwera anafunga sanduku. Kesho anaolewa na Cleopas huko Westerville, karibu na Columbus.

— Bon, haya, ingia, Theo, Uwera akasema. Baridi inaingia.

— Sikai. Nimekuletea sandali zako.

Uwera akachungulia mfukoni. Sandali za kahawia, kamba ya kushoto imeshonwa kwa uzi mweusi, na chini bado kuna mchanga.

Alizivua kiangazi kilichopita, walipokwenda na kwaya kisiwa cha Rodo, Ugiriki, kuona pwani ambako meli ya mtume Paulo ilipita. Walizunguka miji ya baharini, nyumba nyeupe kama chokaa, paka wamelala kwenye viti vya mikahawa, punda wamebeba Wazungu wenye kofia. Kisha wakapanda kwenye magofu. Mawe ya huko yamekanyagwa na watu tangu zamani mpaka yanateleza kama sabuni, ndiyo maana Uwera akaenda pekupeku, mkono umeshikwa na Theogene, aliyembebea sandali. Wenzao wakashuka kula samaki. Wakabaki wawili kati ya nguzo, bahari chini yao imetulia kimya.

— Theo, uko na neno kabla hatujashuka? Uwera alimwuliza siku ile.

— Hapana. Tushuke.

Neno alikuwa nalo. Lakini kwao milimani Kivu, Kongo, mwanaume hajiombei mke, wakubwa ndio humwombea. Jioni ile akampigia mjomba wake Rudasingwa, na mjomba akaahidi kwenda Buffalo mwisho wa mwaka kwa mzee Leopoldi, baba mdogo aliyemlea Uwera.

— Na mjomba wako alifika wapi? Uwera aliuliza sasa, akikunja kitenge.

— Theluji, Uwera. Buffalo barabara zilifungwa. Akasema mtu mkubwa haendi kuomba mke akianguka-anguka njiani. Tungoje iyeyuke.

— Cleopas alikuja na theluji hiyo hiyo. Mkenya, hana mjomba hata mmoja huku! Akaingia kwa baba mdogo soksi zimeloa chapachapa, akasema mwenyewe, "Mzee, nampenda binti yako." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mi sikucheka.

— Ukakubali.

— Kwanza nilikungoja weye. Ukanitumia nini? Soma.

Akamsogezea simu. Theogene akauona ujumbe wake mwenyewe: "Habari ya baridi? Mungu akulinde. Mjomba atapiga."

Honi ikalia nje. Alikuwa Karimi, dada yake Cleopas, aliyekuja na gari kumchukua bibi harusi.

— Uwera! Twende basi, mrembo! Msusi anatungoja Columbus, na hiyo highway leo ni jam tupu!

Theogene akatoa simu yake haraka.

— Ngoja kidogo. Nimpigie mjomba, aongee na mzee Leopoldi...

Uwera akamtazama kama mtu anavyomtazama abiria aliyelala kwenye basi akapitiliza kituo chake.

— Donc, yaani hata leo, Theo?

Theogene akasogea kwenye sanduku. Akainua sanduku, kwa mazoea tu, maana kazi yake ni kubeba mizigo ghalani, akalipeleka mwenyewe mpaka kwenye gari la wakwe wa Uwera. Akalilaza vizuri, akafunga buti. Sandali zilibaki kwenye kiti cha shangazi Adolphine.

Uwera akapanda, akateremsha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu.

— Ubaki na amani, kaka yangu, alisema.

Neno hilo "kaka" lilimchoma Theogene. Gari likaanza kuondoka. Theogene alikuwa ameshabonyeza namba ya mjomba; ndani ya kiganja chake simu ilikuwa imepokelewa, mjomba anaita, "Allo? Theogene? Allo?" Akamwacha aite. Akatembea kando ya kioo, kisha akakimbia, na kwa mara ya kwanza hakumtafuta mtu wa kumsemea.

— Uwera! Mi sikutaka tushuke! Nilitaka kukuomba mimi mwenyewe, pale pale juu ya mawe!