Upanga Katika Mkono wa Kushoto

Naanza kwa jina la Mola asitiriye aibu za waja wake, nami leo namwomba asiisitiri yangu.

Watu wa kisa hiki ni watatu. Wa kwanza ni Mwalimu Gandolfo, mchoraji wa sherehe za mji wetu wa Palermo. Wa pili ni Oliva, binti yake, niliyekuwa nimemposa. Wa tatu ni mimi, Onofrio, mchonga shaba, niliyeifanya michoro ya mzee kuwa picha za kuchapwa.

Siku ya tatu baada ya sherehe ya kumpokea liwali mpya wa mfalme, Oliva aliingia karakana yangu bila hodi.

"Wamemchukua baba."

"Nani?"

"Askari wa liwali. Wameisoma picha yenu ya sherehe kama hati ya mashtaka. Liwali amepanda farasi kushoto kwa askofu, mahali pa mdogo. Juu ya tao, sanamu ya Haki imeshika upanga kwa mkono wa kushoto. Wanasema baba ametangaza kwamba mfalme yuko chini ya kanisa na hukumu zake ni batili."

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikuja kukaa. Baba anaapa alichora sawasawa. Mchoro wake uko wapi?"

Ulikuwa hatua tatu kutoka aliposimama, chini ya gunia la mkaa. Shaba huchongwa kinyume: cha kulia hukatwa kushoto, ili karatasi ikikandamizwa kila kitu kirudi mahali pake. Fundi wa juma la kwanza hulijua hilo. Mimi, kwa haraka ya kuiwahi sherehe, nilichonga kama nilivyoona, na picha ikatoka kinyume. Na karani wa liwali aliponihoji, nilimjibu kwamba nimefuata mchoro.

"Niliuchoma," nikasema. "Ndivyo tufanyavyo."

"Tangu lini? Baba huifuata michoro yake kwa mafundi kama mwenye kufuata kuku waliopotea. Nitazame mimi, Onofrio. Meza haijakuuliza kitu."

Macho yangu yakaenda kwenye gunia la mkaa. Naye akaelewa.

"Ni wewe."

"Niliogopa, Oliva. Wangenifutia kibali, na baba yako asingemwoza binti kwa fundi asiye na kazi. Niliogopa kukukosa."

"Kwa hiyo ukamtoa yeye ili unipate mimi."

"Sikudhani watamfunga mzee wa heshima zile."

"Ana miaka sabini na mmoja. Walipokuwa wanamtia pingu, unajua aliniambia nini? 'Mwangalie Onofrio, wasije wakamchukua na yeye.'"

Nikalivuta gunia, nikampa mchoro. Hakunyoosha mkono.

"Nikiupeleka mimi, watasema binti ameuchora leo asubuhi. Upeleke wewe, na mdomo wako."

Ofisini kwa liwali, karani aliiweka picha mbele ya kioo na mchoro pembeni. Vikalingana.

"Kumbe hapakuwa na fitina," akasema.

"Hapakuwa, bwana. Palikuwa na fundi mzembe, kisha mwongo."

"Uzembe tungeucheka siku ile ile, ukaenda kuchonga upya. Uongo ndio utakaoulalia."

Nikaulalia gerezani miezi kumi na mmoja. Bamba langu la shaba likavunjwa kwa nyundo uwanjani. Kutoka kwa Oliva nilipata kikaratasi kimoja tu: "Baba amerudi. Anakohoa. Usiniandikie."

Siku niliyofunguliwa, aliyesimama langoni alikuwa Mwalimu Gandolfo, ameegemea mkongojo.

"Oliva yuko wapi, Mwalimu?"

"Nyumbani."

"Ameolewa?"

"Hajaolewa. Hajamaliza kukukasirikia, angepata wapi nafasi?" Akakohoa muda mrefu. "Nina swali moja. Kama asingekuja karakana siku ile, ungeupeleka mchoro?"

Jibu zuri lilinijia mdomoni. Nikalimeza.

"Nisingeupeleka, Mwalimu. Ningekuacha humo."

Mzee alitikisa kichwa taratibu.

"Swali ni lake, mimi nimetumwa tu. Alisema ukijidai mwema, nikuache hapa hapa. Ukisema kweli, nikulete, kwa kuwa amepika maharage mengi. Twende, nishike mkono, kile kilima kinanishinda siku hizi."

Tulioana wakati wa mavuno ya zabibu. Mwalimu hakuifikia Pasaka. Kikohozi cha gereza hakikumwacha. Oliva hajawahi kunitajia hilo hata mara moja, nami sipitishi siku bila kulikumbuka.

Mola amrehemu aliyetangulia. Awape waliosalia maisha marefu na moyo mkunjufu, Oliva kwanza, kisha watoto wetu, na kila abebaye lawama isiyo yake amtue mzigo akiwa bado hai. Amina.